Msimu wa Kuhamisha Kitabu

Septemba 2

Daktari ameniambia niandike jinsi siku za Leandre zinavyokwenda: analala vipi, anasahau nini, anakasirika lini. Nimemwambia sawa. Lakini mimi si karani wa hospitali, na nikishika kalamu sitaishia kwenye usingizi wa mume wangu. Atakayesoma avumilie.

Leo aliamka vizuri. Alikunywa kahawa, akala mkate wa kuchoma uliopakwa kretoni, ile nyama laini ya nguruwe ya kupaka, akaketi mbele ya kompyuta na kufungua Kitabu. Ndivyo anavyofanya kila asubuhi tangu alipostaafu kiwanda cha karatasi. Kitabu ni jina tu, chenyewe ni tovuti. Aliianzisha yeye na wenzake wachache, ukurasa mmoja kwa kila aina ya tufaha iliyowahi kuoteshwa huku kwetu, kuanzia Maine hadi New York, na yeyote anayejua kitu anaruhusiwa kuingia na kurekebisha. Wakulima, walimu, wajane wenye mti mmoja nyuma ya ghala, wote wameandika humo. Mtu akikuta mti wa zamani kwenye shamba alilonunua, kabla hajaushikia msumeno huja kwanza kututazama sisi.

Mchana ikaja barua pepe kutoka kwa watu wanaotuhifadhia tovuti. Programu yetu imezeeka, hakuna anayeitengeneza tena, na mwisho wa Novemba wataizima. Tutafute nyingine.

Sikumwambia Leandre.

Septemba 6

Tumefungua ukurasa wa majadiliano kuhusu programu mpya. Wasimamizi tumebaki watatu. Tamsin Hurlbut anafundisha mambo ya matunda kwenye chuo kimoja cha Vermont, ana miaka arobaini na anaandika kama anayesahihisha mtihani. Lester Cobb wa New York alikuwa fundi umeme, sasa ana bustani na maoni juu ya kila kitu. Wa tatu ni mimi. Leandre alikuwa wa nne mpaka majira ya kuchipua, nilipowaandikia kwamba macho yamemsumbua na anataka kupumzika usimamizi. Macho yake ni mazima. Anabaki mhariri kama wengine, na kwa kuwa ni mwanzilishi, mabadiliko yake hayapiti kwenye orodha ya kukaguliwa. Heshima hiyo tulimpa zamani na hakuna aliyefikiria kuiondoa.

Programu zilizopendekezwa ni tatu, zote za aina ambayo mtandaoni huitwa "wiki", maana yake kila msomaji anaweza kubadilisha ukurasa. Zina majina ya kampuni ambayo siyapendi, kwa hiyo nimezipa yangu. Ya kwanza ni Mzee. Ni ya ukoo uleule wa programu tuliyonayo, nzito, unaandika kwa mabano ya mraba na vialama, na inatunza kila badiliko lililowahi kufanywa, nani kalifanya na kwa sababu gani. Ya pili ni Bibi Harusi. Hiyo unaandika kama unavyoandika barua, picha zinapendeza, na inafunguka vizuri kwenye simu. Lakini kila anayeingia hutumiwa namba kwenye simu ili ahakikishwe, na kila anachoandika kinasubiri msimamizi akisome na kukiidhinisha kabla watu hawajakiona. Ya tatu nimeiita Mkulima, faili za maandishi matupu, haidai kitu na haikupi kitu. Mkulima ametupwa nje leo leo.

Tamsin anamtaka Bibi Harusi. Anasema vijana hawawezi kujifunza mabano. Lester anasema kijana asiyeweza kujifunza mabano asiruhusiwe kugusa mkasi wa kupogolea pia.

Septemba 9

Tumeanza kuchuma matufaha ya McIntosh bustanini kwetu. Mgongo umeniuma.

Septemba 13

Tamsin ametuwekea uwanja wa majaribio ili kila mtu aonje programu zote mbili. Nikamkalisha Leandre mbele ya Bibi Harusi, nikijifanya ni jambo dogo.

Ikaomba namba. Simu ilikuwa mfukoni mwake na alizunguka nyumba nzima akiitafuta. Namba ikaja, akaisoma kwa sauti, na alipoigeukia kompyuta ilikuwa imeshamtoka. Tukarudia. Tukarudia tena. Mwishowe nikaiandika mimi. Alipoingia ndani akaweka vidole mahali pake, akaandika mabano mawili, jina la tufaha, mabano mawili ya kufunga. Kwetu maneno hayo yangegeuka kuwa kiungo cha kukupeleka kwenye ukurasa wa tufaha hilo. Hapa mabano yalibaki mabano. Akayatazama muda mrefu, akayafuta, akayaandika tena.

"Fernande," akasema, "nimeharibu nini?"

"Hujaharibu kitu. Programu ndiyo mbaya."

"Basi ifunge. Nina kazi."

Nikamrudishia Kitabu chake naye akatulia papo hapo. Jana aliniita Jeannine, jina la dada yake aliyefariki, na hajui mwaka huu ni upi. Lakini mabano anayajua. Vidole vimeshika kile ambacho kichwa kimeachia, na asubuhi zile mbele ya kompyuta ndizo saa pekee anazokuwa mtu ninayemjua. Nikizipoteza hizo sijui nitabaki na nani humu ndani.

Kwetu hatupigi kura. Tunajadiliana mpaka tuafikiane, na msimamizi mmoja akiwa na pingamizi la maana, jambo halipiti. Nimeandika pingamizi refu. Nimesema Bibi Harusi haibebi historia ya kurasa, tutahamia na maandishi ya mwisho tu. Nimesema kazi ya kuidhinisha itatuelemea. Yote niliyoandika ni kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu yangu.

Septemba 14

Tamsin amejibu kwa hoja zenye vichwa vidogo. Mungu nipe subira.

Septemba 21

Siku njema, na niandike ilivyokuwa kabla haijanitoka na mimi.

Kuna mzee mmoja wa New Hampshire, Ansel Purington, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Nyuma ya zizi lake upo mtufaha mkongwe ambao baba yake aliukuta pale. Alimtumia Tamsin matufaha, na Tamsin, baada ya kuyapima na kuyakata na kuyapiga picha, akaandika kwamba huenda ni Pettengill. Sisi tulishaihesabu Pettengill kuwa imepotea. Hakuna aliyeiona kwa miaka mingi, imebaki kwenye michoro ya zamani tu. Akatutumia sehemu ya matufaha hayo kwa posta, kwa sababu mdomo ambao watu wa Kitabu wanauamini kuliko yote ni wa Leandre.

Nilifungua sanduku mezani. Yalikuwa ya manjano iliyofifia, yenye mstari wa kahawia ubavuni. Leandre akalichukua moja, akalinusa penye kikonyo, akalikata kwa kisu chake cha mfukoni na kutafuna taratibu macho yakiwa yamefungwa.

"Tamu kama Tolman," akasema, "lakini Tolman haina hii chachu inayokuja mwishoni. Hii siyo Tolman. Onja, bibie."

Nikaonja. Chachu ilikuwepo. Akaniambia kwamba zamani alibishana na watu wote kwamba Pettengill ni jina lingine tu la Tolman, akashinda, na kumbe alikuwa mjinga. Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaketi akaandika ukurasa mzima wa Pettengill bila kunyanyua kichwa: ganda, nyama, mbegu, chachu, na kwamba mti unaojulikana ni mmoja duniani. Sikuwa na hata neno la kusahihisha. Niliusoma nikiwa nimesimama nyuma yake, nikalia, naye hakuona.

Vijiti vya kupandikizia hukatwa katikati ya baridi, mti ukiwa umelala. Tamsin atakwenda kuvikata Februari. Mbegu hazisaidii, maana mbegu ya tufaha huota kitu kingine kabisa. Ukitaka Pettengill lazima ukate kijiti cha Pettengill.

Septemba 27

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kuchuma.

Alipolala mchana nikapitia aliyoyaandika wiki hii. Amesema Baldwin, tufaha la Oktoba, hukomaa Juni. Amemtaja kama mtu aliye hai rafiki yetu tuliyemzika. Kwenye ukurasa wa Wolf River ameandika aya ileile mara tatu. Nimerudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nimekuwa nikifanya hivi tangu Mei, akilala tu mimi nafagia nyuma yake, na kesho yake hakumbuki. Ninafanya haraka na ninafanya vizuri. Hakuna aliyeona.

Oktoba 3

Lester amemshambulia Tamsin kwenye majadiliano. Amemwambia kama anapenda picha nzuri akafungue saluni. Nilicheka. Halafu nikaandika kwamba nakubaliana na Lester, nikaongeza pingamizi jingine kuhusu jinsi Bibi Harusi inavyopanga majedwali. Sijali jinsi majedwali yanavyopangwa. Tamsin ameomba tuamue kufikia katikati ya mwezi, maana kuhamisha kurasa zote hizo ni kazi. Nimesema tusikimbilie.

Oktoba 4

Leandre ameuliza nani ameweka jiko hapa. Jiko liko hapo tangu tuoane.

Oktoba 8

Jalidi ya kwanza. Nyasi zilikuwa nyeupe hadi kifungua kinywa.

Oktoba 11

Lewiston kwa daktari wa kichwa, siku nzima. Walimwambia Leandre achore saa. Alichora duara zuri sana, akaweka namba zote upande mmoja, akainua karatasi kumwonyesha daktari kwa fahari. Daktari alikuwa mpole. Nje kwenye korido akaniambia mambo yanakwenda haraka kuliko alivyotarajia, na kwamba nimwachie mgonjwa kila kitu anachoweza bado kufanya kwa mikono yake. Nikamwambia kipo kimoja. Akasema kilinde.

Tulirudi giza limeingia. Sikufungua Kitabu.

Oktoba 13

Wametangaza jalidi kali. Tumechuma tangu jana, mimi na majirani wawili, matufaha ya Northern Spy yote na ya Black Oxford. Leandre amekaa ndani na kompyuta yake. Watu wote wa Kitabu wako bustanini, hakuna aliyeandika neno kwenye majadiliano. Nimechoka hata kuvua viatu ni kazi.

Oktoba 19

Tamsin alinipigia simu. Hatujawahi kuzungumza kwa simu kuhusu jambo hili, na nilijua hakupiga kuulizia mavuno.

Alianza kwa adabu. Akasema siku zinakwisha, kampuni haitasubiri, na pingamizi zangu anaweza kuzijibu zote, ila kila akijibu moja naleta nyingine. Nikasema huo ndio mjadala. Ndipo akauliza.

"Fernande, unamkinga nani?"

Nikamwambia ninalinda kazi ya watu waliokuwepo kabla yake. Nikamwambia mengine pia, kuhusu vyuo na watu wanaokuja kupangusa jina la mwenzao mlangoni ili waandike lao. Nikakata simu kwa hasira. Nilifurahi nusu saa hivi.

Oktoba 24

Lester alipiga simu nikiwa ghalani. Alisema nikae chini.

Purington ameukata ule mti.

Alikuwa akichimba mtaro wa kutoa maji ya zizi, na mti ulikuwa njiani. Tangu Septemba alikuwa akiuzungukia kwa sababu Tamsin alimwambia huenda ni Pettengill. Wiki iliyopita kabla ya mtambo kuja, alifungua Kitabu asome kuhusu Pettengill kwa mara nyingine, aamue kama mtaro uhamishwe. Akaandika jina, na Kitabu kikampeleka kwenye ukurasa wa Tolman. Akaandika tena, kikampeleka tena kwa Tolman. Juu kabisa pameandikwa kwamba Pettengill ni jina la kale la Tolman. Tolman anazo nyingi, ziko kando ya barabara, ng'ombe wanakula. Basi akaukata, matawi yakasagwa, shina likachomwa pamoja na mizizi iliyong'olewa.

Nikamwambia Lester haiwezekani. Nikaja ndani bila kuvua koti, nikafungua historia ya ukurasa. Ilikuwa Oktoba 12. Leandre alikuwa amefuta yote aliyoyaandika, ganda, nyama, chachu, akaweka mstari mmoja wa uelekezo, ule tunaoutumia tunapogundua majina mawili ni ya tunda moja, ili msomaji apelekwe moja kwa moja kwenye ukurasa wa pili bila hata kuuona wa kwanza. Na kwenye kisanduku cha sababu, maana mwandishi mzuri wa Kitabu hafanyi badiliko bila kutoa sababu, alikuwa ameandika: "Kama tulivyoafikiana."

Tuliafikiana kweli. Ni miaka mingi iliyopita, katika ule ubishi aliosema mwenyewe kwamba alikuwa mjinga. Siku ile alikuwa amerudi huko. Alikuta ukurasa unaokiuka makubaliano ya wenzake, akaurekebisha kama mtu mwaminifu. Na badiliko lake halikukaguliwa na mtu kwa sababu yeye ni Leandre Ouellette, na mimi niliyekuwa nikifagia nyuma yake nilikuwa juu ya ngazi nachuma Northern Spy, na ya siku hizo sikurudi kuyapitia.

Bibi Harusi ingelizuia. Lingekaa pale likisubiri mmoja wetu alisome. Kama tungeihama ile programu Septemba, mti ungekuwa umesimama.

Yeye alikuwa sebuleni akitazama mpira wa magongo. Akauliza kama chakula kimeiva.

Oktoba 25

Lester ameandika hadharani kwenye ukurasa wa majadiliano. Ameweka jina la Leandre, tarehe, na maneno yake. Ameuliza mtu mwenye uzoefu huo anafanyaje upuuzi wa namna hiyo, na kama ni ulevi tuambiwe. Anataka akaunti ifungwe leo. Huyu ndiye aliyekuwa upande wangu msimu mzima.

Nilikuwa natafuta maneno ya kumjibu simu ilipolia. Alikuwa Tamsin. Nilitaka nisipokee, nikapokea.

"Ni kumbukumbu, siyo?" akauliza. "Siyo macho."

Nikasema ndiyo. Ni mara ya kwanza nimelisema kwa mtu asiyevaa koti jeupe.

Akasema alijua tangu Aprili. Aliona makosa ya ajabu, akaanza kuyarekebisha kimya kimya, yale yaliyonipita mimi. Nilidhani nafanya kazi hiyo peke yangu na ninaifanya vizuri. Kumbe nilikuwa naacha mengi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nawe hukuniambia. Nikaona si mahali pangu." Halafu akasema, "Sikumtaka Bibi Harusi kwa ajili ya picha." Maana yule mwanamke anajua majina niliyotunga, niliyatumia hadharani nikidhani nachekesha. "Nilitaka pawe na mtu wa kusoma kabla watu hawajaona. Asije akaumbuka mbele ya wote, kama leo."

Mwanamke niliyemtukana wiki iliyopita alikuwa anamjengea mume wangu ukuta wa kumsitiri, nami nilikuwa naubomoa kwa mikono yangu na kuita huko ni kumlinda. Nikamwomba radhi. Akasema mavuno humfanya kila mtu awe mkali.

Nikampigia Purington pia. Niliandaa maneno ya kuomba msamaha nikakuta ananiomba yeye. Alisema ilimpasa apige simu badala ya kusoma. Alisema, "Lakini mama, nimekiamini Kitabu tangu siku ya kwanza."

Oktoba 27

Nimeandika ukweli kwenye majadiliano. Kwamba Leandre ni mgonjwa wa kumbukumbu, kwamba nilijua na nikaficha, kwamba pingamizi zangu zote zilikuwa za kumwachia mlango wazi. Na nimeandika kwamba ninaziondoa. Tuhamie kwa Bibi Harusi.

Nilisoma nilichoandika, nikabonyeza, nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Oktoba 28

Watu wameandika maneno mazuri, wengi ambao sijawahi kuwaona. Lester ameandika, "Pole, Fernande," akafuta maneno yake ya juzi. Kwetu kilichofutwa hubaki kwenye historia, na anajua hivyo.

Novemba 4

Mvua ya barafu. Tumesindika maji ya tufaha ya mwisho. Leandre amekunywa glasi mbili.

Novemba 8

Tamsin ameanza kuhamisha. Inakwenda pole pole, ukurasa kwa ukurasa, na Bibi Harusi inachukua maandishi ya mwisho tu. Ubishi wetu wa miaka yote, sababu, majina ya waliokufa waliosahihisha nukta na mikato, vyote havipiti. Nilimuuliza vitakwenda wapi. Akasema atavifungasha vizima na kuviweka mahali salama kwa atakayetaka kuvisoma. Nikamuuliza kama nami naweza kupata nakala, na nikamwambia ya kazi gani. Akasema ataileta mwenyewe.

Novemba 15

Tamsin alifika juzi, leo ameondoka. Aliendesha gari kutoka Vermont barabara zikiwa na theluji ya kwanza. Nilimfikiria mrefu, ni mfupi, ana mafua, na alileta keki iliyobonyea upande mmoja.

Alikaa nasi siku mbili. Kwenye kompyuta mpakato yetu ya zamani aliweka ile programu inayozimwa, pamoja na Kitabu kizima na historia yake yote, kila ukurasa na kila ugomvi. Haijaunganishwa na mahali popote. Anachoandika Leandre humo kinabaki humo. Aliifanya ionekane vilevile, hata ile rangi ya kijani aliyoichagua Leandre na ambayo mimi sijawahi kuipenda.

Leandre alikuja akasimama nyuma yake, akamwona anahangaika na kiungo fulani. Akamwambia, "Sogea, binti." Akaketi, akamfundisha mabano. Tamsin, ambaye ameandika nusu ya kurasa zile, alisikiliza kila neno na kuuliza maswali. Nilikwenda kusimama barazani kwenye baridi mpaka nikajiweza.

Wakati wa kuondoka nilimpa yale matufaha ya Pettengill tuliyobakiza kwenye friji. Hayawezi kuzaa Pettengill nyingine, tunajua wote wawili. Alisema atayapiga picha tena, kisha atayala. Alisema ni afadhali yaliwe na mtu anayejua anakula nini.

Novemba 17

Leandre anaandika kila asubuhi. Hajatambua kitu. Jana alisema Kitabu kiko haraka siku hizi, na ni kweli, kwa kuwa hakiendi popote.

Sifagii nyuma yake tena. Baldwin ikomae Juni akitaka.

Novemba 22

Bibi Harusi ni nzuri, nakiri. Jana niliidhinisha mabadiliko ya msichana mmoja wa Massachusetts aliyeandika kuhusu mti wa bibi yake. Aliandika vizuri. Kwenye ukurasa wa Pettengill tumerudisha maneno yote ya Leandre, na juu yake Tamsin ameandika kwamba aina hii imepotea.

Novemba 26

Tumekula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, mimi na yeye tu. Aliniuliza mara mbili kama mke wake atachelewa. Mara ya kwanza nilimwambia mke wake ni mimi, akashtuka, akaona haya, chakula kikamshinda. Mara ya pili nikasema hatachelewa.

Novemba 30

Leo mchana wameizima tovuti ya zamani. Nilifungua kuona, pakawa na ukurasa mweupe.

Leandre hakuzuiwa na lolote, aliandika kama kawaida. Lakini alipomaliza hakuinuka. Alikuwa anazunguka kutoka ukurasa wa majadiliano mmoja hadi mwingine, uso umemshuka. Nikamuuliza ana nini.

"Hakuna anayenipinga," akasema. "Naandika siku nzima hakuna anayebisha. Nadhani watu wameacha kusoma."

Nilikuwa nimefikiria kila kitu isipokuwa hicho. Miaka yote ile kilichompa raha hakikuwa kuandika. Alitaka mtu wa upande wa pili arudishe neno lake na kusema hapana, umekosea, tuzungumze. Nilikuwa nimemwekea nyumba nzima bila mtu ndani.

Alipokwenda kulala mchana nikakaa mahali pake. Nilichagua ukurasa wa Tolman, ambako asubuhi alikuwa ameandika kwamba hufaa kwa pai. Nikaifuta sentensi hiyo, na kwenye majadiliano nikaandika kwa jina langu kamili kwamba Tolman haina chachu ya kutosha kwa pai, kila mpishi anajua, na mwandishi alete ushahidi.

Aliamka, akanywa chai, akaketi. Nilikuwa namenya viazi. Nikasikia kiti kinasogezwa karibu na meza, halafu vidole vikaanza kupiga haraka kuliko nilivyovisikia msimu wote. Aliandika, akafuta, akaandika, akacheka peke yake. Mwishowe akageuka kunitazama, na macho yake yalikuwa safi kabisa.

"Kuna mtu huku," akasema. "Fernande Ouellette. Anajua mambo yake huyu mwanamke. Unamfahamu?"

Nikasema namfahamu kidogo.

"Ukimwona," akasema, "mwambie asiache kuja."